Bomba la Pumzi

Boti ya marehemu Shekhe ilikuwa na tabia moja. Ukiiwasha pale Tongoni, kwenye mlango wa mikoko, inawaka mara ya kwanza, haikohoi wala haitoi moshi mweusi. Inakwenda vizuri kama nusu saa. Halafu inaanza kupungua nguvu, inashtukashtuka, inazima. Mkikaa kidogo majini, mkafungua hiki na kile, ikiwashwa inawaka tena kama si yenyewe. Nusu saa nyingine, inazima tena.

Shekhe lilikuwa jina lake, si cheo. Boti yake ilikuwa ya mbao, ya kubeba watu na makasha ya samaki kati ya Tongoni na Tanga mjini, na katikati yake, chini ya sakafu, alifunga injini ya dizeli ya silinda mbili. Alifariki ghafla kwa presha, kabla ya masika. Mkewe Mwanamkasi alikaa eda miezi minne na siku kumi, na alipotoka alisema ataiuza boti ahamie Mtwara kwa binti yao Hasina, aliyeolewa huko na amejifungua mtoto wa kwanza. Mnunuzi alikuwepo tayari. Lakini nani atanunua boti inayozima katikati ya bahari?

Mafundi wawili walikuja kabla yangu. Wa kwanza alibadilisha nozeli. Wa pili alifungua pampu ya dizeli, akaitazama, akaifunga, akasema ni nzima, akaenda zake. Watu wa pwani wakaanza maneno yao, kwamba boti inamlilia mwenyewe. Bibi mmoja akaja na chetezo akafukiza ubani kwenye chumba cha injini, nusura aunguze mpira wa mafuta. Ndipo nikaitwa mimi.

Mimi nakaa hapohapo Tongoni, nyumba ya nne kutoka kwa Mwanamkasi, na kazi yangu ni injini za boti. Hata hivyo sikuitwa kwanza, na mimi sikujipeleka. Nieleze kwa nini.

Ufundi nilijifunza Usagara, mjini Tanga, kwa marehemu Bwana Zainuddin, nilipomaliza darasa la saba. Alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani ya kamba. Na watu aliongea Kiswahili, na injini aligombana kwa Kihindi. Alikuwa na fimbo fupi ya mti mgumu. Ncha moja anaiweka juu ya injini inayonguruma, nyingine anaiweka sikioni, anafumba macho. Alinifundisha kuanza na kisicho na gharama. Alinifundisha kutofungua nati yoyote kabla ya kusikiliza. Na jambo alilolirudia kuliko yote ni hili: usitaje ugonjwa mpaka uwe na hakika. Fundi akitaja leo hivi na kesho vile, alisema, mwenye chombo atamsikiliza muuza mchicha kuliko yeye.

Niliyashika yote matatu. La mwisho nililishika zaidi ya kiasi.

Mwanamkasi alikuwa akija pale gereji na baba yake, aliyekuwa na pampu ya maji ya shambani inayoharibika kila mwezi. Baba akiongea na Bwana Zainuddin, binti anakaa juu ya debe lililogeuzwa, ananitazama nikifanya kazi.

"Hiyo ni nini?"

"Nozeli."

"Inafanya nini?"

"Inanyunyiza dizeli."

"Kha! Wewe hujaliwa maneno zaidi ya mawili?"

Nilicheka, nikainamia kazi yangu. Nilitaka kupeleka posa. Mjomba wangu alikuwa tayari kwenda kuniposea. Lakini nilisema ngoja nione kwanza kama ananitaka, nisije nikampeleka mzee wa watu akarudishwa mlangoni. Nikangoja Ramadhani, nikangoja Idi, nikangoja mpaka Maulidi. Shekhe hakungoja kitu. Siku ya harusi yao jenereta la taa lilikataa kuwaka, nikaitwa, nikalitengeneza, nikala pilau nikiwa na mafuta mikononi.

Baadaye nilioa. Mke wangu alikuwa Nasma, mtu wa Muheza. Tulikaa miaka minne, akaomba talaka yake kwa wema, akasema nyumba yangu ina kimya cha kisimani. Sikumlaumu.

Basi nilipoitwa kwenye boti ya Shekhe ilikuwa Jumatatu. Nilimkuta Rama, aliyekuwa akiiendesha boti ile tangu Shekhe yu hai. Rama ni mtu wa mdomo.

"Fundi Kimya amekuja," akasema. "Leo injini itaona aibu, itapona yenyewe."

Nilimwambia tutoke mpaka nje ya mikoko, na ikizima asiguse kitu.

"Hata dizeli nisipime?"

"Huwa unapima?"

"Kila inapozima. Nafungua kifuniko cha tangi, natia kijiti, naona mafuta yapo, nafunga. Nikiwasha, inawaka."

Nikalishika neno hilo. Tukatoka. Nilikaa chini karibu na injini na fimbo aliyoniachia Bwana Zainuddin sikioni. Iliimba vizuri sana, nasema kweli. Shekhe alikuwa mtu wa kutunza chombo. Ilipotimia nusu saa nikaisikia inaanza kupoteza pumzi, silinda moja kwanza, kisha zote mbili, kisha kimya. Rama akaenda mbele kutupa nanga huku akipiga mluzi. Nikaweka mkono juu ya tangi la dizeli. Lilikuwa la bati nene, na mashavu yake mawili yalikuwa yameingia ndani, kama ya mtu anayefyonza embe. Nikalegeza kifuniko polepole. Likavuta hewa kwa sauti nyembamba, ndefu, kisha bati likarudi mahali pake kwa kishindo.

"Nini hicho?" Rama akauliza kutoka mbele.

"Kifuniko tu."

Tangi lilikuwa halipumui. Kila tangi la boti lina bomba dogo la pumzi linalotokea nje, chini ya ukingo, ili dizeli ikipungua hewa iingie. Hewa isipoingia, pampu inavuta, inavuta, mwisho inashindwa. Rama alipokuwa akifungua kifuniko kupima dizeli, alikuwa akiipa boti pumzi bila kujua, ndiyo maana ikawaka tena.

Niliinama ukingoni nikapapasa. Mdomo wa bomba ulikuwa umezibwa, na juu yake imepakwa rangi ya kijani sawa na ubavu wote, huwezi kuona kwa macho. Nikakwangua kwa ukucha. Chini ya rangi kulikuwa na nguo. Uzi mwekundu, uzi mweusi.

Hapo nikaelewa yote kwa mara moja. Sisi wa huku, tukitaka kupaka boti deheni chini, yale mafuta ya kukinga mbao zisioze, tunangoja maji yapwe, tunailaza mchangani kwa ubavu. Lakini kabla ya kuilaza tunaziba bomba la pumzi kwa tambara, dizeli isije ikamwagika. Na desturi yetu ni kwamba aliyeziba ndiye anayezibua. Mwingine hatii mkono, maana hajui mwenzake kaziba na nini wala kwa kina gani, akichokonoa atalisukumia ndani. Shekhe aliilaza boti, akaziba, akapaka deheni chini na rangi ubavuni. Siku ya tatu akafa. Hakuna aliyeuliza kuhusu bomba, kwa sababu haikuwa kazi ya mtu mwingine kuuliza.

Rama akaja. "Vipi, Fundi? Umeiona?"

Ningesema ndiyo, kazi ingekwisha palepale. Kuvuta tambara ni nusu dakika. Alhamisi mnunuzi angekuja, angepanda, angetembea saa mbili bila kuzima. Ijumaa Mwanamkasi angefunga mizigo.

"Bado," nikasema. "Sijawa na hakika."

Na katika miaka yangu yote ya kazi, hiyo ndiyo siku pekee niliyosema hivyo nikiwa na hakika.

Jumanne nilikwenda asubuhi. Maji yalikuwa yamekupwa, boti imekaa kwenye matope karibu na nyumba yake. Nilifungua nozeli ambazo hazikuwa na ubaya, nikazisafisha, nikazipanga juu ya gunia. Mwanamkasi alileta chai ya tangawizi na mkate wa kumimina, akakaa juu ya kasha la samaki lililogeuzwa.

"Hiyo ni nini?" akauliza.

Mkono wangu ukasimama. "Nozeli."

"Najua ni nozeli, nimekaa na mwenye boti miaka ishirini na sita. Nakuchokoza tu."

Tukacheka. Alikuwa amekonda, na nywele za mbele zimeanza mvi chini ya ushungi, lakini kukaa kwake kulikuwa kulekule, magoti pamoja na kidevu mkononi. Alinisimulia habari za Hasina, na mjukuu ambaye kamwona kwenye simu tu. Alinisimulia ya Shekhe, jinsi alivyokuwa akiongea na boti kuliko mkewe. Mimi nilijibu kidogo kidogo, lakini nilijibu. Nilipokwenda kuswali adhuhuri nilijikuta nimesahau rakaa, nikaanza upya.

Nilijiambia siku moja si kitu. Nikajiambia labda mnunuzi atachoka. Labda atapata boti nyingine huko Moa, na Mwanamkasi ataona safari ya Mtwara ni mbali, atakaa. Nisingekuwa na haja ya kumwambia lolote. Ningekuwa napita tu asubuhi, kutazama injini.

Jumatano niliingia uani kwake kuomba sabuni. Alikuwa amekaa mkekani, mbele yake sanduku wazi, anakunja nguo za safari. Kwenye mapaja yake ilikuwa kanga yake ya harusi, kisutu, ile nyekundu na nyeusi na nyeupe ambayo kila mwanamke wa huku huolewa nayo. Imefifia lakini safi. Pembe yake moja ilikuwa imekatwa, kipande cha kiganja.

"Unaona hii?" akasema, akainyanyua. "Tena ametumia mkasi. Nilimuuliza, Shekhe, nani kanikatia kisutu changu? Akasema panya. Nikamwambia, panya gani wa Tongoni ana mkasi?"

Nilitaka kucheka, ila yeye hakucheka.

"Nilimgombeza, Fundi. Nilimgombeza jioni nzima mpaka majirani wakasikia. Nikamwambia nguo hii sikuigusa miaka yote, naiweka iwe kumbukumbu ya furaha yangu, wewe unaikata kama tambara. Yeye ananitazama tu. Mwisho akasema, nilichukua kipande nguo nyingine zote zikiwa zimelowa kambani, nitakirudisha. Nikamwambia sitaki kukiona. Tukalala hivyo. Kesho yake sikumsemesha. Kesho kutwa akaanguka pale mlangoni." Akakunja kisutu, akakikunjua. "Nimekitafuta nyumba nzima. Chini ya kitanda, darini, mifukoni mwake. Huko Mtwara nitakwenda, lakini natamani nisiondoke bila hicho kipande. Si kwa ajili ya nguo."

Nilisimama na kikombe cha sabuni mkononi. Nilijiona mwizi. Kumficha ugonjwa wa boti nilikuwa nimejisamehe, lakini hili sikuweza.

"Mama Hasina," nikasema, "njoo pwani."

"Sasa hivi? Niache nguo?"

"Njoo."

Labda sauti yangu ilikuwa ngeni, maana aliinuka bila kuuliza tena. Rama alikuwa amekaa juu ya ukingo wa boti anamenya chungwa. Nilimwomba ateremke. Nikachukua kisu kidogo nikakata rangi kuzunguka mdomo wa bomba, nikalegeza kidogo kwa ncha ya bisibisi, mpaka pembe ya nguo ikatokeza. Nikasogea pembeni.

"Shika hapo," nikamwambia. "Vuta taratibu, usikate."

Alivuta. Kikaja polepole, kimesokotwa kama kamba, kimeloa dizeli, na nyuma yake bomba likavuta hewa kwa mluzi mwembamba. Rama akaacha kutafuna.

Mwanamkasi alikikunjua juu ya kiganja. Weupe ulikuwa umegeuka rangi ya chai, lakini wekundu na weusi vilionekana. Kilikuwa kimekatwa sawasawa, kwa mkasi.

"Si panya," akasema.

Rama akanitazama, akatazama bomba, akajipiga paji la uso. "Lahaula! Hakuzibua! Na mimi nimekaa naye siku ile, namshikia kopo la rangi!" Kisha akamwona Mwanamkasi, akanyamaza, akatembea zake kando ya maji. Sijawahi kumwona Rama akinyamaza kabla ya siku ile.

Mwanamkasi alilia bila kelele, kipande kikiwa kimegandamizwa kifuani, dizeli inaingia kwenye gauni lake. Alisema, "Alisema atakirudisha." Akasema tena hivyohivyo. Mimi nilisimama nimeshika bisibisi. Nilielewa pale kwamba hata angebaki Tongoni maisha yake yote, angebaki na Shekhe.

Aliponyamaza alifuta uso kwa upande wa ushungi, akanigeukia.

"Umejua lini?"

Ningeweza kusema leo.

"Jumatatu."

"Leo Jumatano."

"Ndiyo."

"Jana nilikuletea chai, ukasafisha nozeli."

"Ndiyo."

"Zilikuwa chafu?"

"Hapana."

Nilitazama matope, kaa wadogo wakiingia na kutoka kwenye matundu yao.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka kuwa na hakika."

Nilitegemea atakasirika. Badala yake alipumua, na mabega yake yakashuka.

"Wewe Tahiri," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kunitaja jina tangu aolewe. "Kila kitu unataka uwe na hakika kwanza. Nilikaa juu ya lile debe la Zainuddin mwaka mzima. Unafikiri pampu ya baba ilikuwa inaharibika kila mwezi peke yake?"

Hakungoja jibu. Alipandisha nguo yake matopeni, akaenda nyumbani na kipande chake mkononi. Nikabaki na boti.

Alhamisi mnunuzi alikuja. Alikuwa Irfan, mtoto wa mwisho wa Bwana Zainuddin, ambaye sasa ana duka la vifaa vya boti mjini. Alinishika mkono kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Fundi. Nimesikia umewashinda mafundi wawili kwa kuvuta tambara. Baba angekuuliza, umeanza na kisicho na gharama?"

"Marahaba. Nilianza nacho," nikasema. "Nikachelewa kumaliza."

Hakuelewa, akacheka kwa adabu. Tulitoka na boti mpaka mbali, saa mbili na zaidi, haikuzima. Rama aliisifu injini kama vile kaizaa yeye. Waliandikishana mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na Rama akabaki kuwa nahodha.

Mwanamkasi aliondoka Jumapili. Nilimbebea sanduku mpaka barabarani. Lilinuka dizeli kidogo. Nikamwambia sabuni ya unga na maji ya moto vitaitoa harufu ile.

"Sitakifua," akasema. Kisha akaniandikia namba ya simu ya Hasina kwenye karatasi ya majani ya chai. "Boti ikizima tena, nipigie."

"Haitazima."

"Najua haitazima."

Basi likaja, akapanda.

Ni miezi mitatu sasa. Boti inapita hapa kila asubuhi ikienda Tanga. Sina haja ya kutoka nje kuiona, naijua kwa kunguruma kwake kutoka nyuma ya mikoko. Nikiisikia naacha spana, nasikiliza. Inafifia kuelekea mjini, na mimi naendelea kukaa hivyo, nikiitazama saa ya ukutani mpaka nusu saa ipite. Najua haitazima. Nasikiliza tu.

Karatasi ya majani ya chai ilikuwa kwenye kopo la nati. Kila siku niliitoa nikaisoma, nikaona sina sababu ya kupiga, boti ni nzima. Niliwaza nipige Idi, kila mtu hupiga Idi. Ikapita. Niliwaza nipige mjukuu akitimiza miezi kadhaa, lakini miezi yake sikuijua vizuri.

Jana nilipiga. Sikuwa nimepanga la kusema. Mikono ilikuwa na mafuta, nikabonyeza namba kwa kifundo cha kidole. Iliita sana.

"Hallo? Nani?" Alikuwa Mwanamkasi mwenyewe.

"Tahiri."

Nilisikia mtoto akilia karibu na simu, naye anambembeleza.

"Boti imezima?"

"Haijazima."

"Sasa kuna nini?"

Nilitazama ukuta, nikatazama fimbo ya Bwana Zainuddin ikining'inia kwenye msumari.

"Nilitaka kukusalimu tu."

Nikamsikia anacheka, kicheko kilekile cha juu ya debe.

"Maneno matatu!" akasema. "Ngoja nimpe Hasina mtoto, nikae chini." Nikasikia kiti kikivutwa. "Haya. Endelea."